Asili Haiguswi

Machi 4

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na mimi nimeanza kuandika. Sababu ni Kobe. Kobe ni mwenzangu kazini, fundi wa seva, na ana tabia ya kukumbuka kila neno nililowahi kulitamka. "Wewe mwenyewe ndiye uliyesema," ndivyo anavyoanza, kisha ananisomea maneno yangu kama karani wa mahakama. Nimechoka kushindwa na kumbukumbu ya mtu mwingine. Kuanzia leo nami nina yangu.

Nianze kwa kujisifu, maana hiyo ndiyo sehemu tamu. Mimi ndiye niliyeliunda Kabati. Si la mbao. Ni programu ya kwenye mtandao ambamo mafundi cherehani wanaweka michoro yao ya kukatia nguo. Fundi anachora mgongo wa shati kwenye karatasi, anaupitisha kwenye skana, anaupakia kwetu. Fundi mwenzake aliye mbali anaupakua, anauchapa kwenye karatasi pana, anaulaza juu ya kitambaa na kukata. Tulianza na mafundi wa mtaa huu. Siku hizi sijui hata wanaishi wapi, maana mafaili yanaingia usiku na mchana.

Ofisi yetu iko juu ya duka la magodoro. Tuko watatu: mimi, Kobe, na Bosi, mama mmoja aliyekuwa akishona mapazia kabla hajagundua kwamba kuwaamrisha watu ni kazi nyepesi zaidi. Namsema hivyo kwa upendo.

Machi 5

Mvua. Mtu amepakia picha ya mbuzi wake na kuiita "suruali ya mtu mnene". Nimeifuta, lakini nilicheka kwanza.

Machi 7

Leo tumegombana, na kwa kuwa mvua ilikuwa ikipiga bati, ilibidi tugombane kwa sauti kubwa kuliko tulivyokusudia.

Hifadhi inajaa. Michoro inayokuja ni mikubwa mno, na fundi mwenye simu ndogo akifungua ukurasa anangoja mpaka chai inapoa. Nikasema nitaandika programu ya kubana: kila mchoro unaoingia unapunguzwa, unakuwa mwepesi, mambo yamekwisha.

"Na ule wenyewe?" akauliza Kobe.

"Upi?"

"Ule aliouleta mtu."

"Si ndio huo tumeubana?"

"Bana nakala," akasema. "Nakala ndiyo umwonyeshe mtu kwenye simu. Asili iache ilivyokuja. Asili haiguswi."

"Kwa hiyo tuweke kila kitu mara mbili, na nafasi hakuna?"

"Tuongeze nafasi."

Bosi akainua kichwa. "Nyie mnadhani hifadhi inaota yenyewe kama uyoga? Banueni, sijui baneni, fanyeni hilo jambo."

Basi nimeshinda. Kobe aliinuka. Alivaa koti lake la mvua, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaenda zake nyumbani kwa mwendo wake ule ule uliompa jina. Kuna watu wanaogopa kufuta kitu hata kama ni uchafu. Huyu bila shaka nyumbani kwake ametunza hadi viatu vya shule ya msingi.

Machi 14

Imefanya kazi! Najisifu? Basi nijisifu, karatasi ni yangu. Nimebana michoro mipya, kisha nikairudia ya zamani yote, na Kabati linafunguka upesi hata sikuamini macho yangu. Hifadhi imepumua. Bosi amepiga makofi akiwa amesimama. Mafundi wanatuandikia kutupongeza, na mmoja ameuliza kama tumebadilisha umeme.

Nimemtazama Kobe. Alikuwa anasoma.

Machi 15

Mvua. Matope hadi kwenye ngazi za ofisi. Siku ya kawaida.

Machi 20

Nimwandike Baba, kwa sababu bila yeye Kabati lisingekuwapo.

Baba ni fundi. Hasemi "nilikuwa fundi", ingawa mkono wake wa kulia umekuwa ukitetemeka tangu mwaka jana, na hawezi tena kuchora mstari. Kushona anashona, kitambaa kikishakatwa, cherehani inamwongoza. Kuchora ndiko kumemkimbia. Anaishi nami, katika chumba cha nyuma, na michoro ya maisha yake yote ilikuwa ikining'inia kwenye misumari ukutani: magauni, mashati, makoti, suti za mabwana harusi ambao sasa ni mababu. Kabla ya mvua niliipeleka yote kwa Mchapaji, yule jamaa mwenye skana pana, kisha nikaipakia Kabatini. Baba alisimama nyuma yangu mpaka ule wa mwisho ulipoingia, kama mtu anayepakiza watoto kwenye basi.

Katika pembe ya kila mchoro kuna duara dogo. Baba huiweka kastabini yake juu ya karatasi, kile kikofia cha chuma kinachovaliwa kidoleni ili sindano isichome, halafu anakizungushia kalamu. "Sahihi yangu," husema. Mafundi wengine huandika majina yao, lakini yeye anaona jina ni kitu ambacho kila mtu anacho. Wanafunzi wake wote waliiga. Baba kwa majivuno simwezi, na watu wanasema nimemrithi.

Machi 27

Paa la chumba cha nyuma limevuja wakati nikiwa kazini na Baba akiwa kwa jirani. Ukuta wote wa misumari umelowa. Nilipofika, michoro ilikuwa imeshikamana kama maandazi yaliyomwagikiwa chai. Ukiuvuta mmoja, unakuja na nusu ya mwingine, na wino umetambaa kila upande.

Nilitaka kulia. Baba alisimama mlangoni, akatazama, akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alicheka.

"Zitupe," akasema. "Si ziko Kabatini kwako?"

"Ziko, Baba."

"Basi hizi ni karatasi tu." Akamgeukia jirani aliyekuja na ndoo. "Kazi ya binti yangu. Nyumba ikiungua, ikifurika, ikiliwa na mchwa, mimi michoro yangu ninayo. Niko salama kuliko benki."

Nimetembea kifua mbele jioni nzima.

Machi 30

Fundi mmoja ameandika kulalamika kwamba kola aliyoipakua kwetu inambana mteja. Nimemjibu kwa adabu kwamba ampime mteja upya.

Aprili 3

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki. Mtu amejaribu kutupakizia programu ya wizi iliyojifanya picha ya blauzi. Lango letu limeikataa. Hilo lango Kobe ndiye aliyeliweka. Nimempongeza kidogo.

Aprili 9

Habari kubwa! Hospitali imewapa kikundi cha mafundi kazi ya kushona sare za wauguzi wote. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima, amekuja mwenyewe nyumbani. Alifundishwa cherehani na Baba, na ingawa sasa ana mvi na wafanyakazi wake, bado anamwita Mwalimu na hakai mpaka aambiwe.

"Mwalimu, tunataka mkono wako."

Alimaanisha mkono wa gauni. Ukivaa gauni la kawaida ukanyanyua mkono, gauni zima linapanda nawe. Sasa muuguzi kutwa anatundika chupa za dripu, anavuta mapazia, anawainua wagonjwa. Baba aliuchora mkono ambao unanyanyuka peke yake, na pindo la chini linabaki pale pale. Mafundi wengi wamejaribu kuuiga kwa kutazama tu, wakaambulia mikunjo.

"Mnajua ulipo," Baba akasema, akininyooshea kidole chenye kastabini. "Muulizeni mwenye Kabati."

Mwenyekiti alipoondoka, Baba alisema kwamba alidhani ameshamaliza kazi duniani, kumbe bado. Nilijifanya natafuta kitu mkobani ili asinione machozi.

Aprili 12

Mwenyekiti ameipakua michoro na kuipeleka kwa Mchapaji. Baba amenyoa ndevu bila sababu yoyote.

Aprili 17

Sijui nianzie wapi. Mwenyekiti ameingia ofisini akiwa chapachapa, akatoa kwenye mfuko wa plastiki gauni la majaribio. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia kwa pini.

"Mkono umekataa kwapa," akasema.

"Umekataaje?"

"Umezidi tundu la kwapa kwa upana wa kidole. Nikiulazimisha unajikunja. Nimekata upya, bado. Nimemwachia mwenzangu akate, ni ule ule." Akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Mwanangu, nisikilize bila kukasirika. Mwalimu wetu amezeeka. Huenda alipouchora huo, mkono ulishaanza kumchezea, na hakuna aliyejua."

Nilikasirika. Nilimwambia, Mama, Baba hajawahi kukosea kwapa tangu nizaliwe. Akanishika bega, akasema tutautumia mkono wa kawaida tu, hospitali haitajua tofauti.

Tatizo ni kwamba alipotoka ofisini alipitia nyumbani, kwa Baba.

Aprili 18

Nimemkuta Baba amekaa na lile gauni mapajani, akilipapasa kwapa kwa vidole, anakwenda na kurudi. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua macho. Baadaye akasema, "Kwa hiyo nimewakatisha watu nguo mbaya muda wote huu, wakanionea haya kuniambia."

"Baba, si kweli."

"Gauni hili hapa. Limedanganya?"

Halafu akaivua kastabini. Isipokuwa wakati wa kuweka sahihi, sijawahi kuona kidole chake bila hicho chuma. Kina alama nyeupe kama ya pete. Akaiweka juu ya rafu, akaenda kulala mapema wala hakula.

Aprili 20

Ni mimi.

Niliamka na hasira na Mchapaji, nikaenda dukani kwake kumkoromea. Akaniacha nikoromee nimalize. Kisha akafungua mchoro wa mkono wa Baba kwenye kompyuta yake na kuniambia nisome ukubwa wake. Palikuwa patupu.

Faili la picha halibebi picha tu. Ndani yake kuna maelezo madogo yasiyoonekana, yanayoiambia mashine: ukinichapa, niwe na upana huu. Programu yangu ya kubana iliyatupa maelezo hayo pamoja na uzito mwingine. Michoro ya mafundi si picha za kutazama, ni vipimo. Mashine ya Mchapaji ikikuta faili lisilojua ukubwa wake, inalitanua hadi lijaze karatasi. Mgongo ukatanuka kwa kiasi chake, mkono kwa kiasi chake. Vyote vilikuwa karibu na ukweli, na hakuna kilichokuwa kweli. Ndiyo maana hakuna aliyestuka. Ndiyo maana yule fundi wa kola alilalamika, nami nikamwambia ampime mteja upya.

Nilitembea hadi nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli. Baba alikuwa kitandani amegeukia ukuta. Nikamweleza yote, bila kuficha, kwamba kwapa lake halikuwa na kosa, mkono wake haukuwa na kosa, bali binti yake ndiye aliyeipotosha michoro kwa kutaka sifa za kurasa nyepesi. Nikangoja anigombeze.

Akaketi. "Kumbe si mimi?"

"Si wewe, Baba."

"Rudia."

"Si wewe. Ni mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. Alilipiga kofi goti lake, akaniita jina la utani la utotoni, akaagiza chai. Nami nikawa nalia na kucheka pamoja naye. Kisha, kikombe kikiwa mkononi, uso wake ukabadilika polepole.

"Sasa ile ya kweli iko wapi?"

Wote wawili tukautazama ukuta wenye misumari mitupu.

Aprili 22

Nimemwambia Kobe na Bosi. Bosi ameweka mikono kichwani. Kobe alifungua kompyuta hapo hapo akaenda kwenye nakala za akiba, zile anazozihifadhi kwa ajili ya siku mbaya. Nikafikiri, asante Mungu kwa mtu asiyetupa kitu.

Hazikuwamo. Nakala za akiba zinafuata kilichopo, na zile za zamani zinafutwa ili kupisha mpya. Wiki zimepita, na akiba nayo imejaa michoro iliyobanwa. Mchapaji hufuta mafaili akishamkabidhi mtu, nami yangu niliyafuta baada ya kuyapakia. Kobe alitafuta kila mahali, hata kwenye mashine mbovu iliyo chini ya meza, akiwa amelala kifudifudi na tochi mdomoni.

Nilikuwa nangoja aseme. Mwishowe nikashindwa kuvumilia. "Sema basi."

"Niseme nini?"

"Kwamba uliniambia."

Akajifuta vumbi. "Si unaandika shajara wakati wa chakula cha mchana? Utakuwa umeshaliandika." Kisha akanyoosha mkono kuchukua orodha ya mafundi wote. "Wengi bado wana karatasi zao. Tuwaombe wapakie upya. Mimi nianze na hawa, wewe na hawa."

Tumeandika maombi ya msamaha siku nzima. Sijapata kumheshimu mtu kwa namna hii huku nikiwa nimeona aibu kiasi hiki.

Aprili 23

Mafundi wanapakia upya. Wengine wametukana kidogo. Wana haki.

Mwenyekiti ameomba jibu: mwisho wa wiki anaanza kukata, kwa mkono wa Baba au kwa mkono wa kawaida.

Aprili 24

Leo ni siku ya kuandikwa kwa wino mzuri.

Sikwenda kazini asubuhi, kwa sababu Baba alisema atauchora mkono upya. Nilimshikia karatasi mezani. Alijaribu. Mstari wa kwapa, ambao alikuwa akiuvuta kwa pumzi moja, ulitoka umejaa meno kama msumeno. Akageuza karatasi, akajaribu tena. Akageuza tena. 

Mwishowe, nadhani kwa hasira tu, akainuka, akaichukua kastabini kutoka kwenye rafu, akaikandamiza kwenye pembe ya karatasi iliyoharibika na kuizungushia kalamu. Duara likatoka safi. Halikutetemeka, kwa kuwa chuma ndicho kilichoishika kalamu.

"Walau sahihi ninayo," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Baba, hiyo kastabini umewahi kuibadilisha?"

"Niibadilishe? Nimebadilisha nyumba, nimebadilisha meno, hii hapana. Nilipewa na mwalimu wangu."

"Na duara liko kwenye kila mchoro?"

"Kila mmoja. Mbona unapiga kelele?"

Nilikuwa napiga kelele kweli. Mchoro uliobanwa umesahau ukubwa wake, lakini duara lipo, na lenyewe limebanwa kwa kiasi kile kile ulichobanwa mchoro wake. Na kastabini iko hapa, haijabanwa na mtu. Tanua mchoro mpaka duara lilingane na chuma, na kila mstari ulio karibu nalo utarudi mahali pake. Muda wote huo Baba alidhani anaweka sahihi, kumbe alikuwa anaweka kipimo!

Nikamwambia. Alifikiri kidogo. "Nilijua," akasema. Hakujua. Uso wote ulikuwa unacheka.

Nilimvuta hadi ofisini. Kobe akashuka mbio, ndiyo, Kobe alikimbia, nimeandika na nitamwonyesha, akaazima kwa fundi kufuli kile kipimo cha chuma chenye meno mawili ya kubania kitu. Tukapima mdomo wa kastabini. Nikaandika programu ya kulitafuta duara pembeni mwa mchoro na kuhesabu. Mchoro wa kwanza ukatoka mdogo kidogo tu kuliko ule wa majaribio, lakini Baba aliukazia macho akasema bado haujawa sawa. Tukakuna vichwa. Ni Kobe aliyegundua kwamba nilikuwa nimepima ukingo wa nje wa mstari.

"Mzee, kalamu ulikuwa unaipitisha wapi?"

"Nje ya chuma. Ningeipitishaje ndani?"

Basi ukingo wa ndani ndio wa kweli. Nikarekebisha. Kobe akasema, "Sasa," kwa sauti ndogo, kama mtu anayeamsha mtoto.

Aprili 25

Mchapaji amechapa bila kujaza karatasi. Baba alikata kitambaa cha majaribio mwenyewe, mkasi ukifuata mstari na mkono wangu ukiwa juu ya wake. Mwenyekiti akashona, sisi wote tumemzunguka, hata muuza magodoro alipanda juu.

Mkono ukaingia kwapani bila kusukumwa. Hakuna mkunjo.

Mwenyekiti alilizungusha gauni, akalitazama ndani na nje. Kisha akapiga goti mbele ya kiti cha Baba. "Mwalimu, nisamehe. Nilisema umezeeka."

"Nimekusamehe," Baba akasema. "Lakini nitakukumbusha kila ukija."

Hajaivua kastabini tangu jana.

Aprili 29

Kazi inaendelea. Wanafunzi wa Baba na wanafunzi wa wanafunzi wake, waliokuwa wameiga duara kwa fahari tu, wanatupigia simu kutupa vipimo vya kastabini zao, na michoro yao inarudi mmoja mmoja. Kuna michache isiyo na duara na ambayo wenyewe hawana karatasi; hiyo tumeiandika wazi kwamba si ya kupimia. Yule fundi wa kola nimempigia mimi mwenyewe. Alininunia, kisha akauliza kama amnyweshe mteja wake chai kwa niaba yangu.

Bosi ameongeza hifadhi bila kuombwa. Kila faili linaloingia sasa linakaa kama lilivyoletwa, chumba chake peke yake, na anayetazama kwa simu anapewa nakala nyepesi. Kobe amebandika karatasi juu ya mlango: ASILI HAIGUSWI. Wateja wa magodoro wanaopotea ngazi wanadhani ni onyo kuhusu ukuta.

Mei 6

Mvua inapungua. Nimegundua Kobe hutembea polepole kwa sababu anaangalia anapokanyaga. Nilihitaji msimu mzima kuliona hilo.

Mei 18

Leo wauguzi wamevaa sare. Nilimpeleka Baba hospitalini, tukakaa kwenye benchi la wageni kama watu wenye mgonjwa. Akapita muuguzi mmoja, kijana, mwenye haraka. Akasimama wodini mbele yetu, akanyanyua mkono juu kabisa kutundika chupa ya dripu. Pindo la gauni halikusogea hata kidogo.

Baba alinipiga kiwiko. Nikajifanya sikuona ili anipige tena, akanipiga tena.

"Nani aliyekushonea, binti?" akamuuliza muuguzi aliporudi.

"Sijui, Babu. Lakini nguo ya kazi ndiyo hii. Zile za zamani nilikuwa nainua mkono mmoja huku nashika gauni kwa mwingine."

Baba alikuwa akitabasamu hadi nikaona hata lile jino jipya. Njia nzima ya kurudi hakuacha kuongea, na mimi sikumkatiza.

Juni 1

Jua siku ya tano mfululizo. Paa limezibwa.

Baba aliniita chumbani asubuhi. Juu ya meza palikuwa na karatasi mpya, na juu yake mchoro mzima: mgongo, kifua, mkono. Mistari yote inatetemeka. Kwenye kwapa inatetemeka zaidi, pale alipolazimika kupumzika na kuanza tena. Pembeni, duara la kastabini, safi.

"Gauni la nani hili?"

"Lako. Tangu uanze kazi unavaa vya dukani, vinakukaa kama mto kwenye foronya ya mwenziwe. Lakini kabla hujaupakia," akaugusa mstari, akaona haya, na Baba haoni haya hata siku moja, "si umeunda programu ya kunyoosha mistari?"

"Ninayo, tangu wiki iliyopita."

"Basi inyooshe. Mafundi wataona."

Niliupeleka kwa Mchapaji, nikaupitisha kwenye skana, nikaupakia, Kobe akiwa amesimama nyuma yangu. Nakala ya kukatia niliinyoosha kama alivyoomba. Ule wenyewe nimeuweka Kabatini jinsi ulivyotoka mkononi mwake, meno yote ya msumeno, na Kobe akalisoma duara, akaniambia kipimo ni sahihi.

Jioni Baba akauliza, "Umenyoosha?"

"Nakala, Baba."

"Na ule wenyewe?"

"Ule wenyewe hauguswi."

Alinitazama sana. Kisha akaniambia nisimame wima na ninyanyue mkono, anipime.